Mwanga wa kupika: kwa nini levo moja ya gemu inakesha ikikompailiwa

Machi mwaka huu nilikuwa nyumbani Ngara na nilikuwa nimetoa ahadi. Jumatatu asubuhi ningesimama mbele ya darasa la kidato cha pili nikiwa na simu tatu, mbili za kuazima, na kila mwanafunzi angepata zamu ya kutembea ndani ya boma la Biharamulo bila kupanda basi. Boma lile la Wajerumani nilikuwa nimelipima mwenyewe kwa tepu, nikalipiga picha kila kona, nikalijenga upya kwenye kompyuta kama levo ya gemu. Ukuta upo, ua upo, matao yapo. Kilichobaki ni mwanga tu.

"Tu." Neno hilo nililisema Jumamosi saa mbili usiku, nikabonyeza kitufe cha kukompaili. Programu ikakadiria saa tisa za kazi. Sikushtuka, nikalala. Usiku wa manane radi zikaanza upande wa Kabanga, na saa tisa na robo umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ni ya kutunza heshima, dakika ishirini haifikishi. Nilipoamka asubuhi kulikuwa na kioo cheusi, na kazi iliyokuwa imefika asilimia themanini hivi ilikuwa imepotea yote, maana programu ile haikuwa na desturi ya kuhifadhi kazi nusu.

Nimekaa na hasira ile siku kadhaa, halafu nikaamua kuitumia vizuri. Hebu twende pamoja: hizo saa tisa zinaliwa na nini? Nani alianza kutungojesha hivi, na lini?

Anza na ua wenyewe. Simama katikati ya boma saa tatu asubuhi. Jua linapiga ukuta mmoja na sehemu ya sakafu. Ukumbi ulio chini ya paa, upande wa pili, haupati mwale hata mmoja wa jua moja kwa moja. Lakini hauko giza! Unaweza kusoma gazeti humo. Mwanga umepiga ukuta mweupe ukadunda, ukapiga sakafu ukadunda tena, ukaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, kama habari za mtaani. Ukiwa mtu halisi hulifikirii jambo hili. Kompyuta ni lazima iambiwe, na kila mdundo una gharama yake. Ukiiambia ihesabu jua peke yake, ule ukumbi unakuwa mweusi kama ndani ya chungu.

Mwaka 1980 mtafiti wa Bell Labs, Turner Whitted, alichapisha njia ya kufuatilia miale: kutoka kwenye jicho la mtazamaji unarusha mwale kwa kila pikseli, unaona umegonga nini, na kama ni kioo au mpira unaong'aa unaurusha tena. Picha zake za mipira ya vioo bado zinapendeza hadi leo. Moja ya picha hizo ilichukua dakika 74 kwenye kompyuta ya VAX-11/780. Picha moja, msomaji. Gemu linataka picha thelathini kwa sekunde, na sitini ikiwezekana.

Tena njia ya Whitted ilijua vioo vizuri, lakini ukuta wa chokaa haikuujua. Ukuta wa chokaa haudundishi mwanga upande mmoja, unautawanya kila upande. Jibu la hilo lilitoka mahali ambapo wengi hawakutegemea: kwa watu wa joto. Wahandisi wa mitambo walikuwa tayari na hesabu za jinsi nyuso za tanuri zinavyopeana joto kwa mnururisho, huu unampa yule, yule anamrudishia huu, mpaka mambo yanatulia. Mwaka 1984 pale Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Cindy Goral, Kenneth Torrance, Donald Greenberg na Bennett Battaile walichukua hesabu zile wakaweka mwanga mahali pa joto. Jaribio lao lilikuwa kisanduku kitupu chenye kuta za rangi, na ushahidi kwamba wamefanikiwa ulikuwa kwamba sehemu nyeupe zilizo karibu na ukuta wa rangi zilianza kuambukizwa rangi ile. Njia hiyo ikaitwa rediositi. Kama umewahi kuvaa shati jeupe ukasimama karibu na ukuta mwekundu, unajua walichokuwa wanakitafuta.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo saa zetu zinapoanza kupotea. Rediositi inakata kila ukuta vipande vipande, kisha inauliza kwa kila jozi ya vipande: hiki kinakiona kile? Kwa kiasi gani? Chukulia boma langu lina vipande 1,000. Jozi zake ni 499,500. Sawa, si mbaya. Lakini vivuli vinaonekana vya mabonge, kwa hiyo unapunguza upande wa kila kipande kwa nusu. Kipande kimoja kinakuwa vinne, vipande 1,000 vinakuwa 4,000, na jozi zinakuwa 7,998,000. Umeongeza uzuri mara mbili, ukalipa mara kumi na sita! Kuna mbinu nyingi zilizogunduliwa baadaye za kupunguza deni hili, na programu za leo nyingi hazikai kuhesabu jozi zote, zinarusha miale ya kubahatisha na kuchukua wastani. Lakini tabia yenyewe haijaondoka. Ukitaka kivuli laini, utalipa, na utalipa kwa saa.

Wakati Cornell wanafanya hayo, magemu yalikuwa bado mbali kabisa. Rukia mwaka 1993, lilipotoka Doom la id Software. Wengi mnalijua hata kama hamkulicheza. Mwanga wa Doom ni ujanja mtupu: kila chumba, au kila eneo la sakafu, limepewa namba moja ya mwangaza kati ya 0 na 255. Chumba kizima ni 180, korido nzima ni 96. Taa haipo, kuna namba tu. Nguzo haitoi kivuli mpaka mtengenezaji achore kwa mkono eneo la sakafu lenye umbo la kivuli na kulipa namba ndogo. Na watu waliogopa Doom usiku hivyo hivyo! Mimi huwa nawakumbusha wenzangu jambo hili wanapolalamika kwamba bila mwanga halisi gemu haina hisia.

Kisha ikaja Juni 1996, na Quake.

John Carmack, aliyekuwa akiandika injini pale id, alitaka dunia ya pande tatu kwelikweli, yenye taa zinazotupa vivuli. Kompyuta za wachezaji zilikuwa Pentium zisizo na kadi ya grafiki ya maana. Kuhesabu vivuli wakati mtu anacheza? Haiwezekani. Basi wakahamisha kazi. Wakasema: taa haitembei, ukuta hautembei, kwa nini tuhesabu kila mara? Tuhesabu mara moja, kwetu, kabla ya kuuza. Majibu tuyaandike kwenye picha ndogo ya kijivu inayobandikwa juu ya kila ukuta, na kompyuta ya mchezaji izidishe tu picha hiyo na rangi ya ukuta. Picha hiyo ndogo ndiyo ramani ya mwanga. Siku hizi sisi tunaojifunza kazi hii tunasema tunapika mwanga. Neno hilo nalipenda, kwa sababu huku kwetu kitu cha kupika ni pia kitu cha kubuni, na huu ni mwanga wa kupika kwa maana zote mbili.

Quake liliweka alama moja ya mwanga kila baada ya vizio 16 ukutani. Ukuta wa vizio 256 kwa 256 una alama 17 kwa 17, yaani 289. Kwa kila alama, programu iliyoitwa light ilivuta mstari kwenda kwa kila taa na kuuliza: kuna kitu katikati? Kama kipo, kivuli. Zidisha alama hizo kwa kuta zote, zidisha kwa taa zote. Na ukiongeza neno moja kwenye amri, extra, ilichukua sampuli nne mahali pa moja ili kingo za vivuli zilainike, na wewe ukaenda kunywa chai.

Lakini mla-saa mkubwa wa Quake hakuwa mwanga, alikuwa jirani yake aitwaye vis. Huyu kazi yake ilikuwa kujua mapema kwamba mtu akiwa chumba hiki anaweza kuona vyumba gani, ili kompyuta isihangaike kuchora vilivyofichika. Kwa kila sehemu ya levo anachungulia milango yote, na milango inayoonekana kupitia milango, na inayoonekana kupitia hiyo. Levo yenye uwanja mpana na nguzo nyingi ilimtesa vibaya. id Software walikuwa na kompyuta ya Alpha yenye prosesa nne kwa ajili ya kazi za namna hii. Kijana wa nyumbani aliyepata programu zile zile na Pentium moja alikuwa na usiku tu. Kulikuwa na hali ya haraka, ya kubabaisha, ya kujaribia mchana, na hali kamili ya kuachia ikeshe.

Na kulikuwa na msiba ulioitwa uvujaji. Levo ya Quake ni lazima ifungwe kabisa kama mtungi, isiwe na tundu hata moja linalotazama nje kwenye utupu. Ukiacha ufa mwembamba kati ya ukuta na dari, vis anakataa kazi, kwa sababu kwake ndani na nje vimekuwa kitu kimoja. Programu ilikuandikia faili la nukta zinazochora njia kutoka ndani ya levo mpaka kwenye tundu, na wewe unaifuata kama mtu anayefuata sisimizi hadi kwenye kichuguu. Tatizo hili nimelionja mwenyewe nilipojifunza kwa kutumia zana zile za zamani. Tundu langu lilikuwa nyuma ya ngazi, upana wa kizio kimoja.

Mwaka 1997 Quake II likaleta rediositi ndani ya gemu, na mwanga wa rangi. Ule utafiti wa kisanduku cha Cornell ulikuwa umechukua miaka kumi na tatu kufika sebuleni. Mwaka 1998 Valve wakatoa Half-Life, lililojengwa juu ya injini ya Quake, na hatua ya mwisho ya kukompaili levo zake ikaitwa RAD, kifupi cha neno lile lile. Hapa kuna jambo ninalolipenda katika historia hii kuliko yote. Zana zilipofika mikononi mwa watu wa mitaani, watu wa mitaani walizinoa. Sean Cavanaugh, aliyejulikana kwa jina la Zoner, aliziboresha zana za Half-Life, na kwa miaka mingi watengenezaji wa levo walitumia zake badala ya zile za asili. Za Quake nazo bado zinaboreshwa na watu wanaofanya kwa mapenzi tu. Hakuna aliyewalipa. Walichoka kungoja.

Makampuni makubwa yalikuwa na dawa nyingine: kuongeza kompyuta. Unreal walipoleta mpishi wao wa mwanga, Lightmass, mwaka 2009, alikuja na msaidizi aitwaye Swarm, ambaye aligawa kazi kwa kompyuta zote za ofisi. Watu wakienda nyumbani jioni, mashine zao zinabaki zinapika. Kama ofisi ina mashine hamsini, saa hamsini zinakaribia kuwa moja. Kama una laptopu moja Ngara, saa hamsini ni saa hamsini.

Sasa utaniuliza: si mambo hayo yamekwisha? Mwaka 2018 Nvidia walitoa kadi za RTX zenye sehemu maalumu za kufuatilia miale, na Unreal Engine 5 ya mwaka 2022 ina Lumen, inayohesabu midundo ya mwanga papo hapo unapocheza. Hakuna kupika, hakuna kukesha. Sogeza jua, ukumbi unabadilika. Nimeiona ikifanya kazi kwenye maabara na sikuweza kufunga mdomo.

Ila angalia nani analipa. Mwanga wa kupika unamlipisha mtengenezaji mara moja, kwa saa zake, ili mchezaji asilipe kitu. Mwanga wa papo hapo unamlipisha mchezaji kila sekunde, kwa kadi ya bei mbaya na umeme wa uhakika. Wachezaji wangu wana simu. Tena simu zenyewe ni zile ambazo ukipiga picha kumi zinaomba nafasi. Kwa hiyo kwetu hatuna budi kupika, na itakuwa hivyo kwa muda. Kinachoniuma ni kwamba mpango huu ulibuniwa na watu waliokuwa na hakika ya jambo moja, kwamba anayetengeneza ndiye mwenye mashine kubwa na umeme usiokatika, na anayecheza ndiye mnyonge. Hawakumfikiria mtengenezaji ambaye naye ni mnyonge.

Na wapo, tena si wachache. Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, gemu la pande tatu, mwaka 2007, Nairobi, wakati ambapo ukimwambia mtu kazi yako ni kutengeneza magemu anakuuliza kazi halisi ni ipi. Lakini anayenijia kila umeme unapokatika ni Lual Mayen. Alizaliwa wazazi wake wakiwa safarini kukimbia vita ya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia laptopu. Mahali pa kuichaji palikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akajifunza kwa masomo aliyoletewa kwenye flashi, akatengeneza gemu la simu kuhusu amani, Salaam. Desemba 2018 alitambuliwa kwenye The Game Awards huko Marekani.

Sisi wa Ngara habari ya kambi hatuhitaji kuelezwa. Mwisho wa Aprili 1994 karibu robo milioni ya watu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa saa 24 hivi, na Benaco ikawa mji kabla mtu hajamaliza kuhesabu mahema. Kwa hiyo ninaposikia "saa tatu kwa miguu kwenda kuchaji" naiona njia yenyewe, vumbi lake na jua lake. Halafu najiuliza: mtu wa namna hiyo anapikaje mwanga wa saa tisa? Betri ikijaa vizuri inadumu saa nne, labda. Historia ya mwanga kwenye magemu imeandikwa kwa dakika za prosesa. Ingeandikwa kwa chaji za betri, ingekuwa na mashujaa wengine.

Umeme wenyewe wa huku una historia yake. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo ya dizeli. Siku hizi pale Rusumo, chini kidogo ya mahali Ruvubu inapokutana na Kagera, kuna mitambo ya maji ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa. Mambo yamebadilika sana, sitaki kuonekana mlalamishi. Radi ya Machi ndiyo haijabadilika.

Turudi Jumapili ile. Nilikuwa na mchana mmoja na mawingu yanajikusanya. Nikafanya walichofanya mafundi wote wa historia hii: nikaamua nini hakistahili. Kuta za nje, ambazo mwanafunzi hatazikaribia, nikazipunguzia alama mpaka zikabaki chache. Madari vile vile. Mapipa na ngazi nikavipa namba moja moja ya mwangaza kama Doom, wala aibu sikuona. Ua na ukumbi nikaviacha kama vilivyokuwa. Kisha nikaikata levo vipande vitatu vinavyopikwa kimoja kimoja, ili umeme ukikatika nipoteze kimoja, nisipoteze vyote. Jumla ilikuwa saa mbili na dakika arobaini, na umeme ulikatika mara moja katikati ya kipande cha pili. Nikakirudia.

Jumatatu simu zikazunguka. Wengi walikimbia moja kwa moja hadi juu ya ukuta kutafuta pa kurukia, jambo ambalo sikuwa nimelizuia. Binti mmoja wa dawati la mbele alisimama ukumbini, akatulia, akazungusha kioo polepole. Kivuli cha tao kilikuwa sakafuni, laini, na chini ya paa kulikuwa na ule mwanga hafifu wa kudunda niliokesha nikiungoja. Akakaa pale mpaka mwenzake akaanza kudai zamu.

"Mwalimu, humu ndani ni saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi," nikamwambia.

"Na nikirudi jioni?"

"Saa tatu asubuhi."

Akamkabidhi mwenzake simu. "Basi huyu Mjerumani alikuwa hali chakula cha mchana."